Choo cha Mchumba wa Mzee Ntandu

Kwa miaka yote niliyofanya kazi nilikuwa mwanamke, mke wa mtu na mama wa watoto wanne, lakini huko vijijini nilikuwa Bwana Afya. Watoto wakiniona kwa mbali walikimbilia ndani wakipiga kelele: "Mama! Bwana Afya amekuja, amevaa kitenge!" Mwanzoni nilijaribu kuwasahihisha. Baadaye nikaona kwamba jina la kazi mtu hupewa na wale anaowafanyia kazi, nikaitika. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu Kiomboi, nafuga kuku na kugombana na mwewe, na vijana wa idara wameniomba niwaandikie kidogo jinsi tulivyokuwa tukitembelea watu nyumba kwa nyumba. Basi nawaandikia ninyi mnaozunguka na vishikwambi. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Hizo mtazijua wenyewe, na mtanuna wenyewe.

Nilianzia kata moja ya Ikungi, chini ya Mzee Mkumbo, bwana afya wa siku nyingi, mrefu, mkimya, mwenye koti ambalo hakulivua hata jua likiwaka vipi. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino na nina maneno mengi niliyoyatoa chuoni. Mzee Mkumbo akaviangalia vile viatu. Akaegesha pikipiki kwenye ofisi ya kijiji, akaanza kutembea. Nikamuuliza kwa nini tusiende nayo.

"Pikipiki inasema kabla yako," akanijibu. "Ukifika na mlio, mwenye la kuficha ameshalificha, na mwenye la kusema ameshaenda shambani."

Tukafika boma la kwanza. Mbwa wakatoka. Mzee akalaza fimbo yake chini mbele ya miguu, akasimama kimya mpaka mwenyewe akatoka kuwaita. Tukapewa vigoda. Akauliza habari za mvua, za mbuzi, za mtoto aliyekwenda Manyoni, za jino la bibi. Mimi nilikuwa natokota. Tulikuwa tumekuja kuangalia choo, na choo kilikuwa kinaonekana pale pale nyuma ya zizi. Tukala ugali wa mtama na mlenda, tukaaga, tukaondoka. Choo tulikiona wakati wa kuondoka, tena mwenye boma ndiye aliyetupeleka, na njiani akatueleza mwenyewe kwamba kinajaa maji masika na kwamba watoto wanaogopa tundu lake.

"Binti," Mzee Mkumbo akaniambia tuliporudi njiani, "ukimuuliza mtu choo chake kabla hujamuuliza mbuzi wake, atakuonyesha choo, na hatakuonyesha kitu kingine."

Viatu vyangu vilikufa siku hiyo hiyo. Kesho yake nilivaa ndala za matairi.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Fimbo ya kulaza chini, kama nilivyofundishwa. Kitenge cha kujifunga juu ya suruali, maana nikitoka kwenye pikipiki na suruali, wazee walikuwa wanaongea na miti badala ya kuongea na mimi. Na tochi. Tochi ni kitu kikubwa katika kazi yetu. Choo hukiamini kwa kuta zake, unakimulika. Kama kuna utando wa buibui kutoka nguzo hii mpaka ile, basi hicho kimejengwa kwa ajili yako wewe, si kwa ajili ya wenye nyumba. Buibui hajui kusema uongo na hana mjumbe wa kumwonya kwamba Bwana Afya yuko njiani.

Choo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukagua kilikuwa na kufuli. Kimesakafiwa, kimepakwa chokaa, kina mlango wa bati. Nikaomba kukiona ndani. Baba mwenye nyumba akajipapasa mifuko, akamwita mtoto, mtoto akasema ufunguo uko kwa mama, na mama yuko mnadani. Nikauliza, "Sasa ninyi leo mnajisaidia wapi?" Yule baba akanishangaa kwelikweli. "Mama, hiki si cha kuchezea. Hiki ni cha serikali!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilijifunza kwamba watu wanaweza kukutii kabisa, na bado usiwe umewasaidia chochote.

Sasa niwaambie habari ya kitongoji ambacho hapa nitakiita Mawemawili, kwa sababu ya yale majabali yaliyoegemeana pale mlangoni pake. Jina lake la kweli nawaachia wenyewe.

Mawemawili palikuwa na tatizo ambalo halikueleweka. Kila kaya ilikuwa na choo, nilikwishaviona vyote, na vilikuwa vinatumika. Hakuna buibui. Lakini watoto wa pale walikuwa wanaharisha kupita wa vitongoji vingine vyote vya kata. Mmoja wao alikuwa Rehema, mtoto wa miaka mitatu hivi wa boma la Mzee Ntandu, mwenye macho makubwa na miguu myembamba. Akipona wiki hii, wiki inayokuja anaharisha tena. Kila nikimwona kwenye zahanati amepungua, na mimi najua, kama mnavyojua ninyi, mtoto wa namna hiyo anakuwa na nafasi ngapi za kuugua kabla nafasi hazijaisha.

Tukaitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Wanaume wakakaa kwenye madawati mbele, wanawake nyuma, na wakwe za watu nyuma kabisa karibu na mlango, nyuso chini. Nikaeleza habari za kinyesi na maji. Wote wakaitikia vizuri. Nikauliza kama kuna anayejisaidia porini. Hakuna aliyeinua mkono. Mzee Ntandu akasimama, mzee mfupi, mkavu, kofia yake ya kufuma imekaa upande.

"Mama, mlisema tuchimbe vyoo, tumechimba. Mlisema tuezeke, tumeezeka. Kila kaya ina choo. Sasa mnataka tuweke nini tena, bendera juu yake?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Alikuwa anasema kweli.

Mkuu wangu wa idara hakucheka. Yeye aliona jibu ni moja tu, kwamba watu wale wana vyoo lakini ni wakaidi, wanaendelea kwenda porini, dawa yao ni mgambo na faini. Nikamwomba aniache kwanza nizunguke nyumba kwa nyumba. Akaniambia nimeshazunguka. Nikamwambia nilizunguka kuangalia vyoo, sasa nataka kuzunguka kuangalia watu. Akakubali, lakini akasema mvua za kwanza zisinikute bado natembea.

Ilikuwa majira ya kupiga alizeti. Hapo kila boma lina rundo la vichwa vya alizeti vilivyokauka, na wanawake wamekaa na fimbo wanapiga mpaka mbegu zimwagike. Nikaamua kwamba kila nitakapofika nitaomba fimbo. Ninyi vijana mjue hili: mtu anayefanya kazi hawezi kuzungumza vizuri na mtu aliyekaa tu. Anakuonea aibu au anakuona mvivu. Mpige wote alizeti, mpepete wote, na baada ya muda maneno yanakuja yenyewe kwa sababu mikono ina kazi na macho yana pa kutazama.

Kwenye boma la Mzee Ntandu nilimkuta mkwewe, Zuhura, mama yake Rehema, peke yake uani. Mume wake Hamisi, mwana wa mzee, alikuwa anauza vitunguu Singida mjini na kurudi mara mojamoja. Zuhura alikuwa msichana wa sauti ya chini, lakini fimbo yake ilikuwa inapiga alizeti kwa nguvu. Rehema amelala kivulini kwenye kanga. Tukapiga, tukazungumza habari za kwao, za vumbi, za bei ya vitunguu. Nilikunywa maji mengi siku ile, na mwili ni mwili. Nikasema, "Mwanangu, hebu nielekeze chooni."

Akasimama. Akanitangulia mpaka nusu ya uwanja, akasimama tena pale kana kwamba kuna ukuta. Akaonyesha kwa kidevu.

"Ni kile, mama."

"Maji ya kutawadha yako wapi? Kopo linakaa wapi?"

Akatazama chini. "Sijui, mama. Sijawahi kuingia."

Nikafikiri sikumsikia. Alikuwa ameolewa pale mwaka wa tano.

"Hujawahi kuingia?"

"Ni choo cha baba mkwe."

Nikabaki nimesimama kwenye jua katikati ya uwanja wa watu. Jamani, mimi ni Mnyiramba, nimeolewa, nilikuwa na baba mkwe. Najua kwamba mkwe hakai kigoda alichokalia baba mkwe, hapiti nyuma yake, hali mbele yake. Kukanyaga pale anapochuchumaa yeye, wakutane mlangoni mmoja anatoka mwingine anaingia, na kopo mkononi, mbona afadhali ardhi ipasuke. Pale Ikungi hali kadhalika, awe Mwislamu awe Mkristo. Sote tuliokuwa ofisini tulijua hivyo majumbani kwetu. Tulikuwa tunaliacha nyumbani tukivaa sare.

"Unakwenda wapi basi?"

"Korongoni. Wote tunakwenda korongoni, sisi wakwe. Asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri, na jioni."

Lile korongo ndilo lililoshuka mpaka kwenye mchanga ambako wanawake walichimba visima vya maji ya kunywa. Zuhura alifuata macho yangu yalikokwenda. Alikuwa na akili, na alihudhuria mikutano yangu yote, pale nyuma karibu na mlango.

"Najua, mama," akasema. "Ulisema kwenye mkutano. Nilimzika wa kwanza, na huyu namwona anavyokwenda. Najua maji yale yana nini. Lakini ningesimama vipi mbele ya baba mkwe niseme naendaga haja wapi?"

Hapo akaanza kulia bila sauti, na mimi nikalia naye, fimbo za alizeti mikononi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini wahenga hao hao ndio waliomfundisha Zuhura kuficha.

Nilimuuliza kwa nini Hamisi asichimbe choo cha pili. Akanieleza kwamba kijana akichimba choo chake ndani ya boma la baba yake, watu watasema amejitenga, amejiona mtu mzima kabla baba hajafa. Aliyeweza kuamuru shimo pale ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye ambaye hakuna mtu angeweza kumwambia.

Nikaanza na mama mkwe, Bi Mariamu, mke wa Mzee Ntandu. Huyu alikuwa mcheshi, meno machache na maneno mengi. Nilimkuta anachambua mlenda wa kukausha. Nikazungukazunguka kama nilivyofundishwa na Mzee Mkumbo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, lakini nilikuwa namsikia kichwani kila nikitaka kufanya haraka. Bi Mariamu akanikatiza.

"Unataka kuuliza habari ya korongo. Uliza tu, hakuna mwanaume hapa. Mimi mwenyewe nilikwenda huko mpaka baba mkwe wangu alipofariki. Ndipo nikaingia chooni. Wenzangu wamerithi ng'ombe, mimi nimerithi shimo."

"Sasa huwezi kumwambia mzee achimbe jingine?"

Akaacha kucheka. "Nimwambie kwamba mkwe wake naye huenda haja? Mama, mimi na yule mzee tumezaa watoto saba na hilo hatujawahi kulitamka. Halafu kuna ule mchoro wenu."

Ule mchoro ulikuwa bango la kampeni, limebandikwa ukutani ofisi ya kijiji tangu zamani, lina herufi kubwa: KAYA MOJA, CHOO KIMOJA. Aliyeliandika alitaka kusema kwamba isiwepo hata kaya moja isiyo na choo. Mawemawili walilichukua kama agizo. Kimoja ni kimoja. Mwenye viwili alikuwa anashindana na serikali. Kuna jirani, Bi Mariamu akanieleza, aliyewahi kuanza shimo la pili, mjumbe akamshauri alifukie kabla halijamletea matatizo. Nilitaka kucheka lakini nikafikiria mtoto aliyezikwa, kicheko kikaniisha.

Kabla sijapata njia ya kumwendea mzee, Rehema akazidiwa. Nilikuwa zahanati siku ile kwa kazi nyingine, nikamwona Mzee Ntandu anaingia getini kwa miguu, anatweta, amembeba mtoto mgongoni kwa shuka lake mwenyewe, na Zuhura anafuata nyuma kwa mbali, umbali ule ule wa heshima, huku anakimbia. Muuguzi akampokea mtoto. Zuhura akaingia naye. Mzee akakaa kwenye benchi nje, kofia mkononi. Mtoto alikuwa amekauka, wakahangaika kupata mshipa.

Nikaenda kukaa naye. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakunitazama. Akasema, "Yule ni mchumba wangu, unajua? Jana kanigombeza kwa sababu sijamchania nywele. Kaniambia ataolewa na mwingine."

Ninyi mnajua babu na mjukuu wa kike wanavyotaniana kwetu. Mzee Ntandu, ambaye hakuweza kumtazama mkwewe usoni, aliachiwa na mila hiyo hiyo amchezee mtoto wa mkwe huyo, amwite mke wangu, agombezwe naye. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia kwa huyu mzee, na mlango alikuwa amenifungulia mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "huyo mchumba wako umemjengea nini?"

Akanigeukia. "Kumjengea?"

"Mwanaume anayeposa anajenga. Mchumba wako ameanza kukua. Sasa hivi mama yake anamfundisha kwenda haja. Anamfundishia wapi? Hawezi kumpeleka kwako. Mama hapiti huko." Nilisema hivyo haraka, macho yangu kwenye mti wa mwarobaini ule wa getini, nisimtazame wala asinitazame. "Basi mtoto anafundishwa pale mama anapokwenda. Na maji yanashuka kutoka huko huko, na mchumba wako anayanywa."

Ndani tulisikia Rehema analia, kilio kidogo, na wote wawili tulifurahi kukisikia maana kabla ya hapo alikuwa halii.

"Mlisema kimoja," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa na hasira, na hasira ile nilistahili mimi na ofisi yangu. "Mmeandika ukutani. Kaya moja, choo kimoja."

"Aliyeandika hakuwa na mkwe, mzee."

Akavaa kofia yake. Akaivua tena. "Na ataishi, huyu?"

"Leo ataishi. Ya kesho iko mikononi mwako na mwangu."

Rehema alitoka zahanati baada ya muda, mwepesi kama kifaranga, na Mzee Ntandu hakusubiri hata Hamisi arudi kutoka mjini. Alianza kuchimba upande wa pili wa boma, nyuma ya jiko. Alifika magotini akagonga mwamba. Hiyo ndiyo Singida, ukichimba popote unakutana na jiwe limekutangulia. Akahamia pembeni, akagonga tena. Majirani wakaja kuona mzee anatafuta nini.

"Mzee, unazika nini?"

"Siziki kitu. Nachimba choo cha mchumba wangu."

Walicheka, naye aliwaacha wacheke. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake, si yangu. Hakuchimba choo cha mkwe, hicho kisingechimbika. Alichimba choo cha Rehema, mtoto mdogo, na kila mtu anajua mtoto mdogo haendi chooni peke yake. Lazima mama ampeleke. Hakuna aliyetamka jina la Zuhura wala hakuna aliyelazimika kuinamisha uso. Shimo la tatu likakubali, kwenye udongo wa kichuguu cha zamani, na vijana wa kitongoji wakajitokeza kusaidia, Bi Mariamu akatengeneza togwa. Hamisi aliporudi kutoka mjini na magunia yake matupu alikuta baba yake anaezeka. Akapanda juu kumsaidia bila kuuliza swali.

Siku kilipomalizika nilikwenda na tochi yangu, kwa mazoea tu. Zuhura aliniongoza. Mara hii alifika mpaka mlangoni, akaingia mbele yangu, akanionyesha kopo la maji alilolitundika kwenye kijiti na kibuyu chirizi cha kunawia alichokifunga nje, kwa kamba nyekundu. Furaha ilinijaa mpaka nikashindwa kuwasha tochi.

Kuanzia hapo kazi ikaenda yenyewe. Boma la pili wakachimba choo cha Asha. La tatu, ambako walikuwa Walutheri na mjukuu wao alikuwa wa kiume, bibi ndiye aliyeamuru, akasema mume wake huyo mdogo naye asipungukiwe, wakachimba choo cha Petro. Kuna mzee mmoja hakuwa na mjukuu hata mmoja. Nilimshauri achimbe cha yule atakayezaliwa. Alichimba, na mjukuu akazaliwa, na akadai mimi ndiye niliyemtabiria. Lile bango la ofisi ya kijiji nililibandua mwenyewe mbele ya mwenyekiti. Mvua zilipokuja korongo lilipita maji tu. Mkuu wangu akaniuliza nimewaambia nini watu wale. Nikamwambia sikuwaambia kitu, nimepiga alizeti. Mgambo hawakwenda.

Nimeandika haya kwa sababu mtaambiwa kwamba kuna njia za haraka. Gari la matangazo lipo, na kundi la simu lipo. Vitumieni, mimi sivikatai. Lakini Zuhura asingeiambia spika ya gari alichoniambia uani, wala asingeandika kwenye kundi ambalo baba mkwe wake yumo.

Miaka imepita. Mzee Ntandu sasa anatembea na magongo mawili, na Bi Mariamu anasema hayo ni meno ya mzee yaliyohamia chini. Mwaka huu, mimi nikiwa nimeshakabidhi pikipiki, Zuhura alinipigia simu. Rehema anaposwa. Watu wa upande wa kijana wanatoka Mkalama, wanakuja kumaliza mazungumzo, na wanataka niwepo. Nikapanda basi.

Rehema nilimkuta jikoni, mwanamke mzima, ana mikono ya mama yake, anawasongea wageni ugali. Tukakumbatiana. Uani mazungumzo yalikwenda kama yanavyokwenda. Upande wa baba ukasema yake, wajomba wakasema yao, mshenga wa kule Mkalama, mtu mnene mwenye maneno matamu, akajibu kila moja. Mwishoni akabaki babu. Babu ndiye mume wa zamani, hawezi kuachwa bila fidia. Mshenga alikuwa amejiandaa, blanketi jipya liko mapajani mwake.

Mzee Ntandu akalisukuma kwa gongo.

"Blanketi ninalo," akasema. "Huyu nimemposa mimi akiwa hajajua kuchana nywele. Mimi nilimjengea. Nauliza tu, huko mnakompeleka kuna baba mkwe?"

"Yupo, mzee, mzima wa afya."

"Basi choo cha mke wangu kiko wapi?"

Vijana wengine walidhani ni utani wakacheka. Wazee wa Mawemawili hawakucheka. Nikamtazama Zuhura, amekaa kwenye mkeka na wanawake. Baada ya miaka yote ile kwenye boma moja, ndiyo mara ya kwanza niliyomwona anamtazama baba mkwe wake usoni. Na mzee, macho kwenye gongo lake, alijua kwamba anatazamwa.

Mshenga akajifuta jasho. "Kimechimbwa, mzee. Binti mwenyewe alimwambia kijana wetu tangu mwanzo kwamba asipokuwa na chake, hafiki. Wamechimba upande wa pili wa nyumba."

Mzee Ntandu akatafakari. Halafu akanigeukia mimi.

"Bwana Afya. Ile tochi yako bado unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Sijui kwa nini bado natembea nayo.

Nikaenda Mkalama. Nikauliza habari za mvua, nikauliza mbuzi, nikala. Mama mkwe mtarajiwa akanipeleka nyuma ya nyumba, tukaingia wote wawili, nikamulika kila kona kama siku zangu za kazi. Palikuwa pasafi, pananukia udongo mbichi. Mlangoni kulikuwa na msumari, na kwenye msumari limetundikwa kopo jipya la bati. Pembeni mtu ameandika kwa rangi, herufi zimeinama kidogo: REHEMA.